Nilivyomlilia Mume wa Mtu

Kwenye misiba ya kwetu wanawake tunakaa chini. Wanaume wako nje, chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, wanaongea mpira kwa sauti ya chini mpaka mtu awakumbushe kwamba kuna maiti ndani. Sie tuko kwenye mikeka, goti kwa goti, tangu asubuhi mpaka jeneza litoke, na likishatoka tunakaa tena. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hiyo ni sheria. Ni hivyo tu, na ukiomba kiti una miaka arobaini na minne, macho yanaona na meno yote yapo, utatazamwa.

Mie kukaa chini ndiyo kazi nisiyoiweza. Miaka sita nyuma nilianguka na bodaboda hapa hapa Mtoni, anguko la kijinga, pikipiki yenyewe ilikuwa inakwenda taratibu. Nikainuka mwenyewe, nikajifuta mchanga, nikamwambia dereva asijali. Maumivu yalikuja baada ya wiki mbili na hayajaondoka. Yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye kalio, yanashuka nyuma ya mguu wa kushoto mpaka kisiginoni. Nimepigwa picha, nimeingizwa kwenye lile bomba linalogonga kama kuna mafundi bati ndani yake, nikaambiwa pingili mbili zimebana mshipa. Nimechuliwa kwa mafuta ya nyonyo, nimeumikwa, nimekunywa kombe la aya za sheikh. Kila aliyenipa dawa alikuwa na uhakika nayo. Mie ndiyo nilikuwa sina.

Hilo la mgongo mtaa mzima unalijua. La pili halikujulikana na mtu. Lilikuja mwaka wa tatu, polepole, mpaka nikawa naamka alfajiri moyo unakwenda mbio kama mtu aliyeitwa polisi, na sijafanya kitu. Hofu haina jina, imekaa tu kifuani inanisubiri nifumbue macho. Ikishachoka kunihangaisha, inaniachia uzito. Nakaa mbele ya cherehani yangu, kitambaa cha sare ya shule kiko mkononi, na kuingiza uzi kwenye sindano kunanishinda. Siyo kwamba sioni tundu. Sioni sababu. Daktari akasema hiyo ni sonona, na kwamba maumivu ya muda mrefu huja nayo sana. Akaniandikia kidonge kidogo cha kumeza kila siku. Nikakificha kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, ili binti yangu asikione.

Ng'ambo ya njia, mlango unaotazamana na wangu, anakaa shoga yangu. Tunajuana tangu binti yangu yuko chekechea, na sasa binti huyo anasuka watu saluni. Mwaka ule wa kwanza wa mgongo, shoga yangu alinikuta asubuhi moja nimesimama bombani naitazama ndoo yangu iliyojaa. Siinyanyui, siiachi, naitazama tu. Akaibeba. Kesho yake akaibeba tena, na hatukulizungumza. Miaka sita kabeba ndoo zangu na kaanika nguo zangu, na kila akimaliza ananitania: "Haya bibi harusi, kesho nitakuogesha kabisa." Sina dada mjini hapa. Ndugu zangu wako Lindi. Mume wangu aliniacha akaenda kuoa Ukonga huko, na sababu aliitamka mwenyewe mbele ya kaka zangu, kwamba amechoka kuishi na mgonjwa. Kwa hiyo nikisema shoga, nasema mtu wangu wote niliyenaye ukimtoa binti.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Kongo. Kwa mwezi analala nyumbani siku tatu, nne. Kwangu alikuwa "shemeji habari za leo" na "nzuri, shemeji", basi. Ukiniuliza leo alikuwa na sura gani, nitakumbuka kofia.

Alikufa alfajiri moja, kwa presha, siku ya pili tangu arudi safari. Mwaka ule nilikuwa nimeshakosa misiba mitatu ya mtaani. Wa kwanza nilimtuma binti, wa pili nikapeleka unga na sukari, wa tatu nikalala tu. Maneno nilishayasikia: mwenzetu siku hizi kawa mzungu, anatuma rambirambi kwa mjumbe. Na kwetu mtu asiyekwenda kwa wenzake anajua kitakachotokea siku yake. Lakini huu hata bila maneno ya watu ningekwenda. Huu ulikuwa wa mtu aliyebeba ndoo zangu.

Kosa nilishalifanya wiki tatu kabla. Nilikuwa nimeacha kile kidonge. Nilijiona mzima, kinywa kilikuwa kinanikauka, nikasema potelea mbali, nikaacha bila kumuuliza daktari. Kosa la kila mtu, wanasema. Asubuhi ya msiba nikameza vidonge viwili vya maumivu badala ya kimoja, nikajifunga kanga, nikavuka njia.

Mwenye mgongo mbovu akiingia msibani anatafuta ukuta kabla hajamtafuta mfiwa, Mungu anisamehe. Nilipata pa kuegemea karibu na mlango wa chumbani. Hazikupita dakika ishirini, akaingia bibi mtu mzima sana, anashikiliwa mikono. Nikamwamkia shikamoo, nikampisha. Ndiyo adabu. Nikajikuta katikati ya chumba, mbele mgongo wa mtu, nyuma magoti ya mtu, mguu nimeukunja kwa sababu pa kuunyoosha hapakuwepo.

Saa ya kwanza niliiweza. Saa ya pili moto ukashuka mpaka kisiginoni. Nikiwasimulia watu wananiambia, si ungetoka tu. Kutoka kwenyewe ni kuinuka, na kuinuka ni kushika bega la huyu na kichwa cha yule, na chumba kizima kinageuka, na kesho unasikia kwamba kashindwa hata kumzika shemeji yake. Niliyaogopa hayo kuliko nilivyoogopa maumivu. Huo ndio ugonjwa wenyewe, ule wa pili. Nikabaki nimekaa, kifua kikaanza kubana, hewa naivuta haishuki, vidole vikafa ganzi, na nikawa na hakika kabisa kwamba nitafia pale juu ya mkeka wa watu.

Ndipo wakaja kuchukua jeneza. Wanawake wote wakainuka, kilio kikapanda, na mie peke yangu nikabaki chini. Mguu haukuwa wangu tena. Nikajikokota mpaka mlango wa chumbani, nikashika mwimo, nikajivuta, nikarudi chini kwa kishindo. Nikalia.

Kilio cha msiba wa jirani kina kipimo chake. Unalia ukiingia, unalia maiti ikitoka, katikati unauliza marehemu aliumwa nini. Mie sikuwa na kipimo siku hiyo. Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu, hata mama yangu alipokufa. Miaka sita ilitoka kwa mkupuo. Na nikasema, mbele ya wote, jeneza likiwa linavuka kizingiti: "Mungu wangu, nichukue na mie. Nichukue na mie nikapumzike."

Sikuigiza. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Mtu akanivua mtandio akanipepea nao. Mwingine akanimwagia maji usoni. Nikasikia sauti ya mwanamke, wala haikuwa kali, ilikuwa na upole hata: "Mwacheni alie. Ana lake huyu." Shoga yangu alikuwa amekaa kitandani, mlango wa chumba uko wazi. Alikuwa ananitazama mie, siyo jeneza.

Nilirudishwa kwangu nimeshikwa kwapani. Siku ya tatu binti alirudi saluni mapema, akaweka mkoba chini, akakaa.

"Mama, nikikwambia usikasirike."

"Sema."

"Wanasema ulikuwaga na baba wa hapo mbele."

Nilicheka. Nilicheka mpaka mgongo ukanikamata, nikashika ukingo wa meza ya cherehani. Binti hakucheka. Alikuwa anasubiri jibu, mtoto wangu wa kumzaa, na hapo ndipo nikaacha kucheka na mie.

Kufikia siku ya hitma hadithi ilishavaa nguo na viatu na kubeba mkoba. Ilisemekana tulikuwa tunakutana Kibamba, huko malori yanakoingilia mjini. Kibamba sijawahi hata kushuka. Ilisemekana ndiyo sababu ya talaka yangu. Ilisemekana yule bwana alifia mikononi mwa mkewe huku anataja jina langu. Wifi yake shoga yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa analipeleka neno nyumba kwa nyumba, maana yeye alikuwa chumbani siku ile na aliyasikia kwa masikio yake: kaomba achukuliwe na yeye, jamani, nani anaomba hivyo kwa mume wa jirani? Mama mmoja aliyeniletea vitambaa vya sare za wanawe akaja akavitaka vyote, havijakatwa. "Lisemwalo lipo," akaniambia, huku anavihesabu.

Nilikasirika, sitadanganya. Lakini hasira yenyewe ilikuwa imechoka. Miaka sita nasema naumwa, naambiwa mbona unatembea, mbona umenawiri. Siku moja nimelia, nikatafutiwa mwanamume. Nikifikiri vizuri, hawakufanya kwa ubaya wote. Walisikia kilio kikubwa, wakatafuta sababu ya kukitosha, na mgongo haukutosha. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Mie kilio changu kilinificha zaidi.

Na kuna siku nilifikiria kuuacha uvumi ukae hivyo hivyo. Mzinifu wanamsema, wanachoka, wanamsahau. Mwenye ugonjwa wa kichwa hawamsahau, na binti yake hapati mchumba. Kama ni kuchagua, afadhali niwe nilimpenda dereva wa lori.

Kilichonitesa ni mtu mmoja tu. Shoga yangu alikuwa ameingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, kanga zilizopauka, hina hakuna, manukato hakuna, hata mlangoni hakai. Ndoo zangu zikabaki bombani, binti akawa anazibeba kabla ya kwenda kazini. Na mie nimelala kitandani, dirisha linatazama geti lao la mabati, najiuliza: haji kwa sababu ya eda, au haji kwa sababu yangu? Hakuna namna ya kujua. Mjane hatoki, ndiyo dini na ndiyo mila, na nyuma ya pazia hilo angeweza kuwa ananichukia kila siku na nisijue. Kutoka kitandani kwangu mpaka kitandani kwake hazifiki hatua thelathini. Wiki tano sikuzivuka.

Wiki hizo sina cha kuzisimulia. Nililala. Maumivu yalinigeuza ubavu huu, hofu ikanigeuza ubavu ule. Mwishowe binti akanipeleka kwa daktari kwa nguvu, akasimama nje ya mlango, na daktari akanirudisha kwenye kile kidonge. Akaniuliza nani mwingine anajua kwamba ninakunywa dawa hii. Nikamwambia hakuna. Akaandika, akanyanyua macho, akasema, "Tafuta mmoja."

Siku chache baadaye, baada ya sala ya alasiri, nilivuka. Wifi yake alikuwa barazani anapepeta mchele.

"Umefuata nini?" akaniuliza. Hodi yangu hakuiitikia.

"Nimekuja kumwona mwenzangu."

"Umwone vipi? Umeshamwona vya kutosha."

Sauti ikatoka chumbani: "Mpishe apite."

Chumba kilikuwa kinanuka udi wa zamani uliokwisha. Alikuwa amekonda. Nikataka kukaa chini, kwenye mkeka, kwa heshima yake, akaniambia, "Kaa kitandani, utaanza kuhangaika na kuinuka." Nikakaa kitandani. Akafunga mlango, akabaki amesimama ameuegemea.

"Nakuuliza mara moja tu," akasema. "Ulikuwa naye?"

"Sikuwa naye."

"Apa."

"Wallahi sikuwa naye."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nilidhani yameisha. Lakini akaendelea kunitazama.

"Basi ulikuwa unalia nini?"

"Mgongo," nikasema. "Nilikaa sana chini. Mgongo, shoga, unaujua."

"Mgongo naujua. Nimeubebea ndoo miaka sita. Mgongo haumwambii Mungu nichukue."

Nje mchele ulikuwa umeacha kupepetwa, maana yake wifi alikuwa anasikiliza. Nilijua nikisema ng'o, nikaing'ang'ania ile ya mgongo, ataniamini nusu, na nusu iliyobaki itakaa kati yetu mpaka tuzeeke. Nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti ndogo na vibaya, nimeanzia mwisho nikarudi mwanzo. Kwamba nina ugonjwa wa pili. Kwamba kuna dawa kwenye kopo la vifungo. Kwamba siku nyingi naamka na kusikitika kuwa nimeamka. Kwamba siku ile ya jeneza nilimwonea wivu mumewe, yeye kalala na hakuna kinachomuuma.

Hilo la mwisho nilijuta kulisema. Ndiye mumewe.

Akaja akakaa pembeni yangu.

"Mie nilikuwa naomba uwe ulikuwa naye," akasema.

"Kwa nini?"

"Ningekuchukia, ikaisha. Mwezi, miezi miwili, nikakutukana, ukalia, nikakusamehe. Naijua hiyo, nishawahi kumfumania na mwingine, sikufa. Hii nitaifanyaje? Niko ndani humu, siwezi hata kuja kukutazama kama umeamka."

Nikasema samahani.

"Usiniombe samahani. Utakuja wewe. Kila siku, alasiri, nikuone kwa macho. Usipokuja nitavuka mie, na eda yangu hivi hivi, na hayo maneno watakayosema yatakuwa makubwa kuliko yako."

Nilidhani ni maneno tu. Mtu hachezei eda.

Basi nikawa naenda. Sitasema nilipona, sikupona. Nilikuwa naenda nimechoka na narudi nimechoka. Nakaa kitandani kwake na mito miwili mgongoni, yeye anachambua maharage, tunaongea mambo ya kawaida, bei ya mkaa, saluni ya binti, au hatuongei. Wifi yake alikuwa anapita mlangoni bila kutusalimia. Mtaani uvumi haukufa. Ulipungua kasi, kama alivyopungua kila mtu jua la mwezi ule lilipokuwa kali. Kuna siku nilivuka kwa fimbo. Kuna siku nilivuka nikakaa nikarudi bila kusema hata neno moja, na yeye akaniambia tu, "Haya, nimekuona."

Ikaja siku moja ya mvua sikuvuka. Mguu uligoma tangu asubuhi, lakini si mguu ulionizuia. Ningeweza. Ule uzito ulikuwa umerudi wote, umenilalia, nikageukia ukutani, nikasikia adhana ya alasiri ikianza na kwisha. Binti alikuwa kazini. Nikafikiri, leo ataelewa, mvua hii. Nikafikiri na mengine ambayo sitayaandika.

Nikasikia geti la mabati la ng'ambo. Kisha sauti ya wifi yake, ya juu, mpaka mvua ikawa haisikiki: "Unakwenda wapi? Wewe! Unakwenda wapi na eda?" Sikusikia jibu. Nilisikia kandambili kwenye tope, njia yote, polepole, za mtu ambaye hajatembea nje kwa muda mrefu. Mlango wangu haukuwa umefungwa.

Alisimama mlangoni mwa chumba, kanga zote zimelowa, uso mtupu.

"Sijaweza kuja," nikasema, bado nimeutazama ukuta.

"Nimeona."

"Watakusema."

"Mungu anaijua dharura. Wao watachoka."

Akavua kandambili zenye tope, akapanda kitandani, akaegemea ukuta, akakivuta kichwa changu akakiweka kwenye paja lake lililolowa. Nje wifi yake alikuwa bado anamwita, na majirani walishaanza kutoka milangoni kutazama. Eda yake ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa.